Kipimo cha damu cha Alzheimer: kinajibu nini hasa?

Nimesikia siku hizi damu tu inatosha kujua kama mzee ana ugonjwa wa kusahau. Ni kweli?

Nusu yake. Demensia si ugonjwa mmoja. Ni hali ya kumbukumbu, fikra na uwezo wa kujitunza kupungua, na magonjwa yanayoileta ni mengi. Alzheimer ndiyo inayoongoza. Kipimo kinachozungumzwa sana kinatafuta Alzheimer peke yake. Mzee aliyepoteza kumbukumbu kwa viharusi vidogovidogo anaweza kupewa majibu safi kabisa, na bado ni mgonjwa.

Kinatafuta kitu gani kwenye damu?

Mabaki ya protini. Katika ubongo wenye Alzheimer, protini iitwayo amiloidi huganda nje ya seli za neva, na nyingine, tau, hujisokota ndani ya seli. Daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani alieleza mabadiliko hayo mwaka 1906, baada ya kuuchunguza ubongo wa mgonjwa wake aliyekwisha kufariki. Kwa miaka mingi uhakika ulipatikana hivyo tu, baada ya kifo. Baadaye ukaja uchotaji wa maji ya uti wa mgongo, kisha picha za PET, yaani skani inayoonyesha protini hizo ubongoni, ambazo ni ghali na mashine zake ni chache.

Kwenye damu protini hizi zimo kidogo mno, ndiyo maana tulisubiri mashine zenye uwezo wa kuzinasa. Inayotegemewa zaidi sasa ni p-tau217, yaani tau iliyobandikwa fosfeti kwenye nafasi ya 217 ya mnyororo wake. Amiloidi ikijaa ubongoni, p-tau217 hupanda, mara nyingi miaka kadhaa kabla mtu hajaanza kusahau.

Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha aina hii. Kinalinganisha p-tau217 na amiloidi, kwa watu wa miaka 55 na kuendelea *ambao tayari wana dalili*. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayorukwa mitandaoni.

Hukosea?

Ndiyo. Katika sampuli 499 zilizotumika kukitathmini, kati ya kila watu 100 walioambiwa wana amiloidi ubongoni, karibu 92 walithibitishwa kwa PET au maji ya uti wa mgongo. Walioambiwa hawana, karibu 97 kwa 100 ilikuwa kweli. Wengine, chini ya 20 kwa 100, hawakupata jibu la huku wala kule. Lakini hao walikuwa watu wenye shida ya kumbukumbu. Ukipima umati wa watu wazima wenye afya njema, majibu ya uongo yataongezeka.

Halafu kuna figo. Zikichoka, p-tau217 hupanda hata pasipo Alzheimer. Kwetu, ambako sukari na presha zimeharibu figo nyingi, mimi nisingesoma majibu hayo bila kuwa na kipimo cha figo pembeni.

Mama ana miaka 71, anauliza jambo lilelile mara nne asubuhi moja. Kaka yetu aliyeko Marekani anataka tumpeleke akapimwe huko. Tuanzie wapi?

Hapo mlipo. Kama imeanza ghafla, ndani ya siku mbili tatu, mpelekeni hospitali leo. Malaria au maambukizi ya njia ya mkojo huvuruga akili ya mzee. Kama imekuja polepole, ombeni vipimo vya vitamini B12, tezi ya thairoidi, sukari, kaswende na VVU. Bebeni dawa zake zote kwenye mfuko, hasa za usingizi na za mzio. Semeni kama alianguka, maana damu huweza kuvilia ndani ya fuvu. Semeni pia kama ana huzuni au hasikii vizuri. Mengi kati ya hayo yana tiba.

Muulizeni na kaka: majibu yakitoka, yatabadilisha nini? Dawa mpya za kuondoa amiloidi, lekanemabu na donanemabu, hupunguza kasi ya Alzheimer iliyo changa, haziiponyi, na zinadai picha za ubongo za MRI za mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu.

Kinaweza kutumika kufuatilia ugonjwa unavyokwenda?

Kwa watafiti, ndiyo. Majaribio ya donanemabu yalionyesha p-tau217 ikishuka amiloidi ilipoondolewa. Watafiti hupima pia nyurofilamenti, vipande vya nyuzi za neva zilizoharibika. Ila hizo hupanda hata kwa kiharusi, pigo la kichwa au umri tu. Kwa mama yenu, namba kushuka hakumaanishi atakumbuka zaidi, na maabara mbili zinaweza kutoa namba mbili tofauti.

Nunueni daftari. Andikeni kila mwezi: anapika mwenyewe? Anahesabu chenji sawasawa? Alipotea njia akitoka sokoni? Andikeni na tarehe, mlichukue siku ya kliniki.