`catch` haikamati 404, jamani

Naomba tuelewane kwenye hili, maana kila mara naletewa kodi (code) ya JavaScript yenye `fetch`, ile ya kuomba kitu kwa seva, mwishoni kuna `catch`, ile ya kudaka maeror, halafu mtu ananiambia maeror yote keshayashughulikia. Hujayashughulikia! `fetch` inakataa promisi (ahadi ya jibu litakalokuja), yaani inaiamsha `catch`, pale tu ombi lenyewe limekwama: mtandao umekatika, CORS (kanuni ya brauza kuhusu maombi ya kwenda tovuti nyingine) imezuia, au umelisitisha mwenyewe. Seva ikirudisha 404 (ulichoomba hakipo) au 500 (seva yenyewe imepata hitilafu), kwa `fetch` hilo ni jibu kamili, kama tarishi aliyefikisha barua, yaliyoandikwa ndani hayamhusu.

Sasa ona inavyokuwa. Una div (kisanduku ndani ya ukurasa) inasubiri maoni ya wasomaji, seva imedondoka inatema ukurasa wake wa 500, wewe unachukua `res.text()`, yaani jibu kama maandishi, unaibandika kwenye `innerHTML`, inayoyasoma kama HTML, na mtumiaji anakutana na ukurasa mzima wa eror umekaa katikati ya ukurasa wako, hedingi kubwa na kila kitu, na `catch` yako wala haijashtuka. Ukitumia `res.json()`, inayotegemea jibu liwe JSON (muundo wa data), ndo angalau italalamika, ila italalamikia `Unexpected token '<'`, na watu wanakesha wakikagua JSON wakati hiyo `<` ni herufi ya kwanza ya HTML ya ukurasa wa eror, JSON haikuwepo kabisa.

Dawa ni mstari mmoja, kabla hujasoma chochote:

`if (!res.ok) throw new Error(res.status);`

`ok` ni kweli kwa 200 mpaka 299, basi.

Ila hata mimi huo mstari haunitoshelezi kila mahali. Kuna API (huduma za seva ambazo kodi yako inaziomba data) zinarudisha 404 kumaanisha "hicho ulichoomba hakipo", na hilo ni jibu halali. Ukilitupa kapu moja na 500 unamwonyesha mtu kitufe cha "jaribu tena" atakachobonyeza mpaka achoke. Kwa hiyo mara nyingine naichuja 404 pembeni kwanza, mara nyingine naiacha, inategemea API imeandikwaje, na kanuni moja ya kufaa kote sijaipata.

Na wale wa "innerHTML ni salama kwa sababu script haikimbii": kweli, `<script>` iliyoingizwa hivyo haikimbii, lakini `<img src=x onerror="...">` kodi yake ya `onerror` inakimbia vizuri tu. Maoni yameandikwa na watu usiowajua, kwa hiyo kama ni maandishi matupu weka `textContent`, inayoyaonyesha kama yalivyo bila kuyasoma kama HTML.