Kuganda juu ya Sira

Ninafundisha Agano la Kale katika chuo cha Biblia hapa Dodoma, na pembeni ya kazi hiyo ninalima zabibu nusu ekari upande wa Hombolo. Ninavitaja vyote viwili kwa sababu kubweteka kiroho, jambo ninalokusudia kulieleza hapa, nilikufahamu kwanza darasani kama somo, na baadaye shambani ndiko kulikoniuma.

Katika Sefania 1:12 Mungu anasema kwamba atauchunguza Yerusalemu kwa taa na kuwaadhibu watu waliotulia juu ya sira zao. Sefania alihudumu siku za mfalme Yosia, aliyetawala Yuda hadi mwaka 609 kabla ya Kristo. Sira ni mashapo ya divai, ule uzito unaoshuka chini ya chombo baada ya kuchachuka. Biblia yetu inasema watu hao "wametulia", lakini kitenzi cha Kiebrania ni kikali zaidi, kwa maana kinasema wameganda. Ndicho kitenzi cha Kutoka 15:8, ambapo vilindi vya bahari viligandamana, na cha Ayubu 10:10, ambapo Ayubu anamwuliza Mungu kama hakummimina kama maziwa na kumgandisha mfano wa jibini. Mtu aliyekulia Ugogo, kwenye nyumba yenye kibuyu cha maziwa ya mgando, hahitaji kamusi hapo: anajua kwamba maziwa hayagandi kwa sababu mtu ameyafanyia ubaya, bali kwa sababu yamewekwa mahali na hakuna aliyeyagusa.

Maneno yanayofuata katika mstari huohuo ndiyo yanayonitisha zaidi. Watu hao husema mioyoni mwao kwamba BWANA hatatenda mema, wala hatatenda mabaya. Sefania hasemi kwamba walilitamka jambo hilo hadharani, na ninaamini kwamba wengi wao wangekasirika kama wangeambiwa hawamwamini Mungu. Walikuwa wameacha tu kumtarajia. Mkristo aliyebweteka huweza kukiri imani yote ya mitume bila kukosea hata neno, huku moyoni akiwa hatazamii kwamba wiki hii Mungu atamwambia, atamkataza au atampa chochote.

Yeremia anautumia mfano huohuo kwa Moabu katika 48:11. Moabu amestarehe tangu ujana wake, hakumiminwa kutoka chombo hiki hadi kingine, na kwa hiyo ladha yake imebaki ileile na harufu yake haikubadilika. Watengenezaji wa divai wa kale waliihamisha ili itengane na mashapo yake. Hata hivyo sira zenyewe si uovu, kwa maana Isaya 25:6 inaisifu divai iliyokaa juu ya sira zake, lakini inaongeza kwamba imechujwa. Kwa hiyo sikubaliani na wahubiri wanaoishambulia raha yenyewe, kana kwamba mshahara mzuri na nyumba ya matofali ya kuchoma ni dalili za kurudi nyuma. Kosa ni kukaa bila kuchujwa.

Sasa nije shambani. Katika nchi za baridi mzabibu hupukutisha majani majira ya baridi na kulala, kisha huamka wenyewe. Hapa kwetu haulali. Usipopogolewa utaendelea kutoa majani mwaka mzima, mabichi na ya kupendeza, lakini mavuno yake yatakuwa haba, kwa kuwa mashada hutoka kwenye machipukizi mapya yanayofuata mkasi. Ndiyo maana mkulima wa Dodoma anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, na ndiyo maana pia mkulima mzembe huweza kudanganyika kwa muda mrefu kuliko mwenzake wa Ulaya. Zaidi ya hayo, majani yakisongamana hewa haipiti, na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, huingia.

Mwaka mmoja nilichelewa kupogoa kwa sababu ya mitihani ya wanafunzi, semina na mikutano ya kamati ya ujenzi wa kanisa. Mzee mmoja jirani yangu alisimama ukingoni mwa shamba, tukasalimiana, kisha akasema, "Mchungaji, shamba lako limependeza." Nikamshukuru. Akatazama tena mstari mzima hadi mwisho, akaongeza neno moja: "Majani."

Jioni hiyo nilifungua Biblia ninayoitumia kwa ibada yangu binafsi, si ile ya kuhubiria. Utepe wake ulikuwa kwenye Zaburi ya 38, nilipouacha wakati wa Kwaresima, na sasa tulikuwa Septemba. Katika miezi hiyo nilikuwa nimehubiri karibu kila Jumapili, na kwa kadiri ninavyokumbuka nilihubiri vizuri, jambo ambalo ndilo baya lenyewe. Katika Yohana 15:2 Yesu anasema kwamba tawi lizaalo Baba hulisafisha ili lizidi kuzaa, na mstari wa 3 unaonyesha kwamba chombo cha kusafishia ni neno lake. Mimi nilikuwa nimekishika chombo hicho kwa mpini muda wote, nikikielekeza kwa wengine.

Mtu akishajigundua hivyo, kishawishi cha kwanza ni kuongeza shughuli: mkesha, kwaya ya pili, mfungo wa siku nyingi. Vyote vyafaa kwa wakati wake, lakini kwa mtu wa aina yangu yalikuwa majani juu ya majani. Hata vikundi vya uamsho wa Afrika Mashariki, vilivyotufundisha kutembea nuruni kwa kuungamiana dhambi zetu, havina kinga. Nimekaa katika ushirika ambapo ndugu mmoja alisimulia siku aliyookoka, miaka mingi iliyopita, kwa maneno yaleyale tuliyoyajua kwa moyo, na wote tukaitikia kwa wimbo, wala hakuna aliyemwuliza habari za juzi.

Tahadhari moja ni ya lazima. Si kila ukavu ni kubweteka. Aliyefiwa, mgonjwa, na yule ambaye huzuni imemlemea akili hawapaswi kuletewa mkasi. Sisi wa kanda hii yenye msimu mmoja wa mvua tunalitambua shamba lililokosa mvua na shamba lililokosa jembe, na hatumlaumu mwenye shamba kwa lile la kwanza.

Mimi nilimwomba mchungaji mwenzangu anifanyie ile kazi ya taa ya Sefania. Paulo anaagiza katika 1 Wakorintho 11:28 kwamba mtu ajihoji mwenyewe kabla ya kuula mkate, nami ninafanya hivyo, lakini nimegundua kwamba ninapojihoji peke yangu huwa ninajipa maswali ninayoyaweza. Kwa hiyo tunakutana Alhamisi jioni baada ya vipindi, naye huuliza swali moja tu: wiki hii Neno limekukatalia nini? Alhamisi iliyopita sikuwa na jibu. Nilianza kumweleza habari za mahubiri ya Jumapili. Akavua miwani, akaiweka mezani, akaninyamazia mpaka nikaacha.