Meya mpya wa New York na nyumba: yanayosambazwa na yalivyo

Zohran Mamdani aliposhinda umeya wa New York tarehe 4 Novemba 2025, shangwe zilifika hadi Kampala, na si bure: alizaliwa huko mwaka 1991, akafika New York akiwa na miaka 7. Tangu hapo ahadi yake ya kusimamisha kodi ya pango, yaani isipande, kwa kundi moja la nyumba imekuwa ikinenepa kila inapopita kwenye kundi la WhatsApp. Mmoja anaandika kodi haitapanda, wa pili anaandika itashushwa, wa tatu nyumba zitagawiwa bure. Na yuko wa nne anayeapa kwamba wenye majumba watanyang'anywa mali. Wote wanne wanampa meya nguvu asizokuwa nazo.

"Kodi za nyumba zimesimamishwa mji mzima"

Hapana. Ahadi inahusu kundi moja tu la nyumba, zile ambazo kiwango cha kupandisha kodi kinadhibitiwa kisheria kila mkataba unapohuishwa. Nyingi ziko kwenye majengo yenye fleti 6 au zaidi yaliyojengwa kabla ya mwaka 1974. Yapo na mapya, ambayo wenyewe walikubali udhibiti ili wapate msamaha wa kodi ya majengo. Kwa jumla zinakaribia milioni 1, takriban nne katika kila nyumba kumi za kupanga. Kwa hiyo aliyepanga ghorofa ya juu kwenye nyumba ya familia mbili kule wilaya ya Queens, ahadi haimgusi; mwenye nyumba wake akitaka kupandisha, bodi ya jiji inayopanga viwango vya kodi haina la kumwambia. Wakati huohuo mtu wa jumba jipya la vioo ng'ambo ya barabara anaweza kuwa ndani ya udhibiti. Huwezi kujua kwa kuangalia rangi ya ukuta.

Na hata kwa hizo milioni 1, meya hatii saini hata karatasi moja ya kusimamisha kodi. Kazi hiyo ni ya bodi ya watu 9, iliyoanza mwaka 1969: wawili wa upande wa wapangaji, wawili wa wenye nyumba, watano wa umma. Meya ndiye anayewateua wote, na hapo ndipo ilipo nguvu yake halisi, lakini wanaopiga kura ni wao. Sheria inawataka wapime gharama za kuendesha majengo, yaani kodi ya majengo, mafuta ya kupasha joto, maji, bima, kisha waamue, kwa kawaida mwezi Juni. Ukumbi hujaa wapangaji wenye mabango wanaozomea na kuimba. Kiwango kikipita, kinahusu mikataba inayoanza tarehe 1 Oktoba.

"Ni ndoto, haijawahi kutokea"

Kabla ya Mamdani bodi ilishasimamisha kodi mara tatu: 2015, 2016 na 2020, zote wakati wa meya Bill de Blasio. Tena soma maandishi madogo. Nyongeza ya sifuri ya mwaka 2015 ilikuwa ya mkataba wa mwaka mmoja; aliyesaini miaka miwili alipandishiwa asilimia 2. Chini ya meya aliyefuata, Eric Adams, bodi ilipandisha kila mwaka, na uamuzi wa Juni 2025 ulikuwa asilimia 3 kwa mwaka mmoja na 4.5 kwa miwili. Kwa anayelipa dola 2,000, hiyo 3 ni dola 60 za ziada kila mwezi. Haifukuzi mtu mjini kwa siku moja, ila mwaka ujao nyongeza inahesabiwa juu ya nyongeza.

"Nyumba hizo ni za maskini, yeye alikuwa anafanya nini humo?"

Hii ilianzishwa na mpinzani wake kwenye uchaguzi, gavana wa zamani wa jimbo, Andrew Cuomo. Mamdani, akiwa mjumbe wa bunge la jimbo mwenye mshahara wa dola 142,000 kwa mwaka, alikuwa amepanga fleti yenye udhibiti huko Astoria, mtaa wa Queens, kwa dola 2,300 kwa mwezi. Cuomo akataka itungwe sheria ya kuwazuia wenye kipato kama chake. Inawezekana ni hoja ya kujadiliwa, lakini mpango huu wa udhibiti haukuwekwa kwa ajili ya maskini pekee na haumuulizi mpangaji kipato. Kilichokuwepo zamani ni kifungu kilichoruhusu nyumba za wenye kipato kikubwa kutolewa kwenye udhibiti. Kilifutwa na sheria ya mwaka 2019, na gavana aliyeitia saini ni Cuomo mwenyewe. Sijui kwa nini hili halikupigiwa kelele zaidi.

"Wenye nyumba wanalalamika tu, pesa wanazo"

Hapa nitawaudhi wanaomshangilia. Jengo lenye mchanganyiko, nusu ya fleti zikilipiwa bei ya soko, linaweza kustahimili sifuri kwa miaka kadhaa. Jengo la zamani la Bronx ambalo fleti zote zimedhibitiwa halina pa kufidia bima inayopanda. Uchunguzi wa nyumba wa jiji wa mwaka 2023 ulikuta fleti zipatazo 26,000 zenye udhibiti zikiwa tupu na hazipangishwi. Wenye nyumba wanasema sheria ya 2019 iliminya mno kiasi wanachoweza kurudisha kupitia kodi baada ya ukarabati. Watetezi wa wapangaji wanasema ni mgomo wa makusudi. Naona yote mawili yapo. Kusimamisha kodi bila kugusa kodi ya majengo na bima ni kumpelekea mpangaji bomba bovu badala ya bili kubwa.

"Atajenga nyumba 200,000"

Ndiyo ahadi yake, kwa miaka 10, na gharama aliyoitaja ni dola bilioni 100, sehemu kubwa ikiwa mkopo. Lakini jiji lina ukomo wa kukopa, na wa kuuongeza wako Albany, makao makuu ya jimbo.

Kuna pia njia ya vibali. Mradi unaohitaji kubadilishiwa matumizi ya ardhi ulikuwa unapita bodi ya mtaa, rais wa wilaya, tume ya mipango miji, kisha Baraza la Jiji lenye madiwani 51, kazi ya miezi kama saba. Kwenye Baraza kulikuwa na desturi isiyoandikwa popote: diwani wa eneo akikataa, wenzake wanamfuata. Miradi mingi ilikufa kabla hata haijawasilishwa. Siku ileile ya uchaguzi, nyuma ya karatasi ya kura, wananchi waliulizwa kuhusu hilo, na wakapitisha mapendekezo matatu ya nyumba. Moja linaunda bodi ya rufaa ya watu watatu, yaani meya, spika wa Baraza na rais wa wilaya, inayoweza kutengua uamuzi wa Baraza dhidi ya nyumba nafuu. Uongozi wa Baraza ulipinga vikali. Mamdani alikwepa kutaja msimamo mpaka siku yenyewe, ndipo akasema amepiga ndiyo. Kwa maoni yangu kura hiyo ya nyuma ya karatasi itajenga nyumba nyingi kuliko hotuba yoyote ya kampeni.

Mawili ya haraka. Nyumba za umma si bure: mpangaji hulipa kama asilimia 30 ya kipato chake, na fedha za kuziendesha hutegemea sana serikali kuu ya Washington. Na ile sheria ya kwamba dalali alipwe na aliyemwita, ambayo wengi wanamhesabia Mamdani, ilipitishwa na Baraza mwaka 2024 na kuanza Juni 2025, kabla hajachaguliwa.

Kwa Mkongo, Mkenya au Mtanzania aliyepanga New York, swali la kwanza ni kama fleti yake imo kwenye zile milioni 1. Mkataba wa nyumba yenye udhibiti unapaswa kuwa na kiambatisho kinachosema hivyo. Kama hukioni, idara ya nyumba ya jimbo, DHCR, hutoa bila malipo historia ya kodi iliyosajiliwa ya fleti unayoishi. Inakuja kwa posta, mwaka kwa mwaka, na kuna wapangaji waliogundua humo kwamba wametozwa zaidi ya inavyoruhusiwa.