Ruti kanali: ya barazani na ya kwenye kiti cha daktari

Mwaka jana gego langu la chini upande wa kulia lilininyima usingizi siku tatu mfululizo, na katika hizo siku tatu nilipata ushauri mwingi kuliko dawa. Kila aliyepita barazani kwetu Majengo alikuwa na lake, mmoja ng'oa tu uishe nalo, mwengine tia karafuu, mwengine ati usithubutu kukubali hiyo ruti kanali, yaani kutibiwa njia ya mzizi wa jino bila kuling'oa, manake shemeji yake alifanyiwa akatoka analia mpaka feri. Baada ya kukaa kwenye kile kiti mwenyewe, tena mara tatu, nimeona niandike, kwa sababu mengi niliyoambiwa hayakuwa kweli na machache yalikuwa kweli ila yamepindwa kidogo.

Tuanze na ile kubwa yao, "inauma kuliko kuzaa". Ukiwauliza vizuri wanaosema hivi utakuta wanachokikumbuka ni maumivu ya kabla ya kwenda, yale ya saa nane usiku umekaa kitandani umeshika shavu na kila ukilala chini jino linazidi kupwita. Ndani ya jino kuna kijichumba chenye nyama laini, mna mishipa ya fahamu na ya damu, sasa tundu likifika humo ile nyama yavimba na kwa vile imezungushiwa ukuta mgumu pande zote haina pa kuvimbia, ndio ukaona wazimu. Kinachofanyika kliniki ni kuitoa hiyo nyama, na kabla ya kuguswa wapigwa sindano ya ganzi. Sindano yenyewe nisikudanganye, ni kama kuumwa na siafu, halafu mdomo wawa mzito kama si wako. Moyo unaweza kukimbia dakika moja mbili hivi, mimi nilidhani ndio nakufa, kumbe ni adrenalini inayochanganywa na dawa ili ganzi isiondoke mapema. Kama una presha au tatizo la moyo liseme mapema, usingoje uulizwe.

Ila kuna kipande cha kweli hapo na ni vizuri kikasemwa. Gego la chini likishavimba sana ndani, ganzi huwa haishiki kirahisi. Mimi sindano ya kwanza haikutosha, alipogusa tu nikaruka, na kwa bahati tulikuwa tumekubaliana kwamba nikiinua mkono wa kushoto anasimama, akasimama, akaongeza nyengine, akangoja. Tokea hapo nilichosikia ni kusukumwasukumwa na kelele za mashine. Kwa hivyo patana na daktari wako ishara kabla hajaanza, na usijikaze kisabuni ati uonekane jasiri, yeye hawezi kujua unaumia kama umetulia tuli.

Halati yangu naye alishikilia kwamba jino lina mdudu na dawa ni kumtoa huyo mdudu. Nilikuwa nacheka mpaka siku daktari aliponionyesha kijiuzi chembamba cha rangi ya waridi kimening'inia kwenye kisindano chake, nikamwelewa halati na wazee wote waliomtangulia, manake wallahi chafanana na mnyoo. Ule ndio mshipa wenyewe. Mdudu wa kutambaa hakuna, waliopo ni bakteria, hawaonekani kwa macho, wanakula sukari inayobaki kwenye meno na kutoa asidi inayolainisha jino pole pole. Chai ya sukari unayoifyonza kutwa nzima kidogo kidogo ni sikukuu yao.

Halafu jina lenyewe linatisha watu, wanadhani mzizi unang'olewa na jino linabaki limesimama kwa miujiza. Mzizi haung'olewi, unasafishwa ndani. Unapigwa eksrei kwanza, jino linatobolewa juu, wanatandaza kijiraba kinachozunguka jino moja tu hivi kwamba mdomo wako wote uko chini yake, halafu ndio zinaingia tupa nyembamba kama sindano za kushonea, zinakwangua kila njia. Meno ya mbele mara nyingi yana njia moja, magego huwa na tatu au nne, na hiyo ndiyo sababu gego huchukua muda mrefu na bei yake haifanani na ya jino la mbele, sio wizi. Kuna kimashine kinalia tii tii tii, hicho chapima mwisho wa mzizi uko wapi. Harufu ya maji ya kufulia nguo nyeupe niliyoisikia haikuwa kichwa changu, dawa ya kuoshea ndani ya mzizi ni jamii ile ile, imepimwa tu kwa kiasi chake, na kile kijiraba kipo ili isikumwagikie kooni na tupa isikutumbukie. Mwisho njia zinajazwa vijiti laini vinavyotokana na utomvu wa miti ya huko Asia kusini mashariki.

Kwenye karafuu, hapa barazani hawakukosea kabisa. Mafuta ya karafuu yanatuliza kweli, hata dawa moja ya kuziba jino kwa muda inachanganywa na mafuta yake na ndio maana kliniki nyengine zanukia kama pilau. Lakini kutuliza si kutibu, na ukiyamwagia ufizi kila saa yatauchoma. Aspirini ya kubandika kwenye ufizi pia inachoma, huo mchezo uache.

Sasa nifike kwenye lililokaribia kunimaliza mimi mwenyewe. Siku ya nne maumivu yaliisha. Yameisha kabisa, nikaamka nikanywa maji baridi sikusikia kitu, nikamwambia mke wangu si unaona, limepona lenyewe, nikataka kupiga simu nifute miadi. Yeye ndiye aliyekataa. Nilipofika daktari akaligusa jino na kitu cha baridi, halafu akaligusa la jirani yake, la jirani nikashtuka, lile langu kimya. Akanambia sehemu kubwa ya mshipa imekufa, ndio maana hausemi, hai ni kidogo tu huko chini mizizini, nacho ndicho kilichonirusha alipokigusa. Bakteria bado wamo, na sasa pale palipokufa hakuna hata damu inayoingia ya kupeleka kinga, kwa hivyo wanashuka taratibu hadi ncha ya mzizi na kula mfupa. Kwenye eksrei kulikuwa na kivuli cheusi pale chini, kadiri ya punje ya choroko.

Na hilo la damu kutoingia ndilo jibu kwa wale wa "nipe tu amoksilini kwa duka la dawa". Kidonge husafiri na damu, mle ndani ya jino lililokufa damu haifiki, sasa itafika vipi? Dawa ya bakteria ina kazi yake pale usaha umeshaanza kusambaa, uso umefura au homa imepanda, na hata hapo ni ya kusaidia tu, chanzo kiko palepale. Ukimeza nusu dozi kila jino likisumbua wajitafutia siku ambayo dawa haitakusikia tena. Na ukiona uvimbe umeshuka chini ya taya, mdomo haufunguki, kumeza ni shida au unahema kwa tabu, hapo si mambo ya miadi tena, nenda hospitali usiku huo huo.

"Ng'oa tu, ni rahisi." Leo ni rahisi, ndiyo, na kuna meno ambayo kweli hayana budi, limevunjika chini ya ufizi au limepasuka mzizi, daktari mkweli atakwambia hili halifai. Lakini la kutibika ukiling'oa yale ya kando huanza kuegemea pengo, la juu nalo laweza kuteremka kwa kukosa mwenzake, na siku ukitaka kuweka jino jengine hapo utalipa zaidi.

Kuna na lile la mitandaoni kwamba jino lililotibiwa mzizi linaleta saratani na ugonjwa wa moyo. Hilo ni la zamani, lilivuma miaka ya 1920 kutokana na majaribio ya daktari wa meno mmoja Marekani, Weston Price, na waliokuja kuyapima upya majaribio yake hawakupata alichodai. Mja mzito pia anatibiwa, aseme tu kwamba ni mja mzito, miezi ya katikati ndiyo mizuri zaidi ingawa usaha haungojei kalenda. Na kwa wanaoahirisha kwa sababu ya Ramadhani, imamu wetu alinambia sindano ya ganzi haifunguzi, ila yale maji usiyameze, wewe muulize wako.

Usiende ukitarajia kumaliza siku moja, wengine humaliza lakini lenye usaha mara nyingi hutiwa dawa ndani likazibwa kwa muda urudi baada ya wiki moja au mbili. Siku mbili tatu za mwanzo ukiuma kitu litauma, dawa ya kawaida ya maumivu inatosha, likizidi badala ya kupungua rudi. Na usile kabla ganzi haijaisha! Mimi nilishuka nikapitia viazi karai, ukwaju ukinidondoka kidevuni bila mimi kujua, nikatafuna nikaona mbona hiki kiazi chatoa damu, kumbe ni shavu langu. Lile shavu liliniuma kuliko jino.

Pesa nyingi wanazipoteza watu mwisho kabisa. Maumivu yamekwisha, kazi ya mzizi imekwisha, daktari asema rudi uvishwe kofia ya jino, kile kifuniko kigumu cha kulifunika jino lote, mtu anapotea. Hasa magego, jino lililochimbwa katikati na tundu lilishakula nusu yake limebaki kuta nyembamba, na ndilo unalotafunia. Jirani yetu alikaa hivyo miezi minane na kizibo cha muda, siku moja akauma kashata, likalia kak! Limepasuka wima mpaka mzizini, hapo hakuna la kuunganisha, likang'olewa na hela yote aliyolipia mzizi ikaenda nalo. Kwa hivyo siku ya kwanza kabisa ukiuliza bei uliza zote mbili, ya mzizi na ya kofia, manake mara nyingi zinahesabiwa mbali mbali na bima yako yaweza kulipa moja ikaacha nyengine.

Langu nililivisha kofia baada ya wiki tatu. Walining'atisha kikaratasi cha rangi kuona linapogonga, ng'ata, fungua, wanakwangua kidogo, ng'ata tena, mpaka likakaa sawa na wenzake. Kofia haiozi, lakini jino chini yake linaoza, pale linapokutana na ufizi, na kwa vile halina mshipa tena halitanipigia kelele likianza.