Intaneti ya waya wa simu: yasemwayo barazani na yaliyo kweli

Zanzibar ya leo wengi wetu tunaingia mtandaoni kwa bando la simu ya mkononi. Simu ya mezani, ile ya namba za 024, imebaki zaidi maofisini, kwenye nyumba za wageni na kwa wazee wasiotaka kuachana nayo. Lakini zungumza habari za ADSL na VDSL, aina mbili za DSL, yaani intaneti inayopita kwenye waya wa simu ya mezani, kwenye baraza yoyote ya Mkunazini au Vuga uone: kila mtu fundi. Tatizo ni kwamba maneno hayo yanawatoa watu pesa. Mtu anaambiwa anunue modemu ya "mia", yaani ya megabiti 100 kwa sekunde, anaifunga kwa furaha, na spidi inabaki pale pale.

"Waya wa simu ni wa kizamani, hauwezi kitu"

Wanaosema hivi wanakumbuka intaneti ya kupiga namba, iliyokuwa ikikoroma kabla ya kuunganisha na kukomea kilobiti 56 kwa sekunde. Kosa halikuwa la waya wenyewe wa shaba. Mtandao wa simu ulijengwa kubeba sauti ya mtu, kwa hiyo mitambo ya kituoni ilikuwa ikikata masafa yote yaliyozidi takriban kilohezi 4. Waya wenyewe, kutoka kituoni hadi ukutani kwako, unapitisha masafa ya juu kupita hayo kwa mbali sana. DSL inatumia nafasi hiyo iliyoachwa bure: ADSL hupanda hadi kilohezi 1,104, ADSL2+, toleo lake la baadaye, hadi megahezi 2.2, na VDSL2, toleo la pili la VDSL, inaweza kufika megahezi 30. Sauti inabaki chini kabisa, ndiyo maana unaweza kuzungumza na simu huku intaneti inaendelea, ilimradi kila simu ya nyumbani imefungwa filta yake, kijidude kinachotenganisha sauti na data.

Mgawanyo wa masafa hayo nao una historia. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Joseph Lechleider wa maabara ya Bellcore huko Marekani aliona kwamba mtu wa nyumbani hupokea mengi kuliko anavyotuma, akapendekeza upande wa kupokea upewe sehemu kubwa. Kwa hiyo mwenye nyumba ya wageni anayelalamika kuwa video inacheza vizuri lakini picha za vyumba zinachukua saa nzima kupanda, laini yake si mbovu. Ndivyo ADSL ilivyopangwa tangu mwanzo.

"Kila kampuni ina DSL yake, modemu hazielewani"

Hii zamani ilikuwa kweli, na ndiyo sehemu ya kisa hiki ninayoipenda zaidi. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na njia mbili za kupakia data juu ya shaba. Moja ni CAP, iliyotoka upande wa AT&T. Nyingine ni DMT, iliyosukumwa na John Cioffi, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, na kampuni yake ya Amati. CAP hutuma mawimbi yote kwa mkupuo. DMT huyakata masafa vipande vipande, 256 kwenye ADSL ya kwanza, kisha hupima kila kipande na kukipa mzigo kinaoumudu. Penye kelele hupunguza, na pakizidi hupaacha kabisa. Modemu ya CAP na mtambo wa DMT haviambiani kitu.

Mashindano ya mwaka 1993 yaliipa ushindi DMT, ikawa msingi wa kiwango cha Marekani cha T1.413 cha mwaka 1995. Hata hivyo CAP iliendelea kufungwa majumbani mwa watu kwa miaka kadhaa baadaye, kwa sababu vifaa vyake vilikuwa tayari sokoni. Mwaka 1998 Microsoft, Intel na Compaq ziliungana na kampuni za simu kutaka toleo jepesi ambalo mteja angelifunga mwenyewe. Mwaka 1999 ITU, umoja wa mawasiliano wa dunia wenye makao Geneva, ukapitisha G.992.1, ADSL kamili, pamoja na G.992.2, hilo toleo jepesi la megabiti 1.5 lililoitwa G.lite.

Ungedhani ugomvi umekwisha. Ilipokuja VDSL ukaanza upya, safari hii DMT dhidi ya QAM, njia iliyo ndugu na CAP, na mwaka 2003 vifaa vya pande zote mbili vikapelekwa maabara kushindanishwa. DMT ikashinda tena. Makubaliano ya VDSL2, yaani G.993.2, yalifikiwa Mei 2005 na kupitishwa rasmi mwaka 2006. Kwa kuwa ADSL, ADSL2+ na VDSL2 sasa zote zinatumia DMT, kifaa kimoja kinaweza kuzijua zote. Modemu ikiwashwa hupiga hodi kwa kanuni iitwayo G.994.1, inataja viwango inavyovijua, mtambo wa upande wa pili nao unataja vyake, halafu wanakubaliana kimoja kabla data haijaanza kupita.

Ila msikimbilie kununua. Ndani ya kiwango hicho hicho mna viambatisho, yaani migawanyo tofauti ya masafa, na hapa ndipo vifaa vya mitumba vinapowaumbua watu. Modemu ya ADSL iliyotengenezwa kwa laini za kawaida za simu hutumia kiambatisho A: hutuma kuanzia kilohezi 26 hivi hadi 138. Ujerumani wao walikuwa na ISDN, simu ya kidijitali, iliyokalia masafa ya chini, wakalazimika kutumia kiambatisho B, kinachotuma kati ya kilohezi 138 na 276. Kwa hiyo shemeji akikuletea modemu nzuri kutoka Berlin, inaweza kuwaka taa zote isipokuwa ile ya DSL, na ile itaendelea kupepesa hadi uchoke. Geuza kifaa, soma kibandiko cha chini. Kama jina linaishia na herufi B, ulizia kwanza kabla hujamlaumu mtu.

"VDSL2 ni megabiti 100, basi nikinunua modemu ya VDSL2 napata 100"

Hapana. Kiwango kinataja upeo, na upeo huo ni wa waya mfupi sana. Masafa yakipanda juu, shaba huyafifisha haraka. VDSL2 inang'ara katika mita mia chache za mwanzo. Ukivuka kilomita moja na nusu hivi, haina tena tofauti kubwa na ADSL2+. Na ADSL2+ nayo inatoa megabiti zake 24 kwa walio jirani na kituo tu. Mbali zaidi spidi hushuka, na kwenye kilomita tano unashukuru ukipata megabiti moja au mbili.

Umbali wenyewe si ule wa kukadiria kwa macho. Ni urefu wa njia ya waya. Katika Mji Mkongwe nyumba inaweza kuwa mita mia mbili kutoka kituoni, lakini waya umezunguka vichochoro, ukapanda, ukashuka, ukavuka paa la jirani.

Tena mtambo wa upande wa pili ukiwa ni wa ADSL2+, modemu yako ya VDSL2 itajishusha hapo hapo, na bei uliyolipa haitobadilisha kitu. Kinachopandisha spidi kweli ni kampuni ya simu kusogeza mtambo karibu, yaani kuleta faiba hadi kabati la mtaani na kuiachia shaba kipande cha mwisho tu. Kwa njia hiyo ndiyo ikaja G.fast, kiwango kingine cha waya wa shaba, mwaka 2014, inayokaribia gigabiti moja kwenye waya usiozidi mita 100.

"Jirani akiunganishwa, ananinyonya spidi"

Hanyonyi, lakini mlalamikaji hakukosea kabisa. Nyaya zikilala pamoja kwenye kifungu kimoja, mawimbi ya mmoja huvuja kwa mwenzake, na kwenye VDSL2 uvujaji huo unaumiza. Tangu mwaka 2010 kuna kiwango cha G.993.5, ambapo mtambo unapima uvujaji wa nyaya zote na kuufuta kwa hesabu. Lakini inabidi laini zote za kifungu ziwe chini ya mtambo huo.

"Simu inasikika vizuri, basi waya ni mzima"

Sauti inavumilia mengi ambayo data haivumilii. Hewa yetu ina chumvi. Fungua kiungio cha zamani kwenye ukuta unaotazama bahari utaona shaba imefanya kutu ya kijani, na waya ukiugusa unakatika mkononi. Simu itapita hapo. DSL itakatika kila mvua za masika zikianza.

Kibaya zaidi ni mikia. Nyumba nyingi za zamani zimegawanywa kwa familia kadhaa, na kila aliyehamia aliwahi kuvuta waya wake kwenda ghorofani au jikoni. Simu zimeondolewa, nyaya zimebaki zikining'inia zikiwa bado zimeungwa. Mawimbi yanaingia mle, yanagonga mwisho na kurudi kuvuruga yale yanayokuja. Fundi akiikata mikia hiyo, mara nyingine spidi inapanda bila kununua chochote. Na kama intaneti inakatika pale tu simu inapolia, tafuta filta iliyosahauliwa kabla ya kitu kingine.

"Wi-Fi haifiki chumbani, laini mbovu"

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye unene wa nusu mita, haziulizi una DSL au faiba. Acha modemu karibu na soketi kuu ya simu, kisha vuta waya wa mtandao hadi chumba cha pili na ufunge kifaa kingine cha Wi-Fi huko.

Kabla hujapiga simu kugombana, ingia kwenye ukurasa wa modemu wenyewe. Mna namba mbili za kuangalia, zote kwa desibeli. Ya kwanza ni upotevu wa mawimbi (attenuation): ikiwa kubwa, waya wako ni mrefu au umechoka. Ya pili ni akiba dhidi ya kelele (SNR margin), ambayo kwa kawaida mitambo huilenga iwe 6. Ikiwa inashuka usiku na laini inakatika, ziandike namba zote mbili pamoja na saa uliyoziona, umsomee fundi. Na ukiona modemu imeungana kwa megabiti 8 huku faili likishuka kwa megabaiti moja kwa sekunde, usimpigie mtu: baiti moja ni biti nane, unapata chako chote.