Breeders' Cup Distaff: mbio za majike na damu wanayoiacha

Kazi yangu ni kufuatilia nasaba za farasi wa mbio. Nikipokea karatasi ya ukoo wa farasi jike kutoka Marekani, kwanza natazama kama mama yake au bibi yake aliwahi kukimbia Breeders' Cup Distaff, mbio za majike ndani ya Breeders' Cup, mashindano makubwa ya farasi ya kila mwaka ya Marekani. Zipo mbio za majike kongwe kuliko hizi. Kentucky Oaks ilianza 1875. Ila Oaks ni ya rika moja, wenye miaka mitatu tu. Distaff huwakutanisha vijana hao na majike waliokomaa, wadogo wakipunguziwa uzito wanaobeba mgongoni, na kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kweli.

Mbio hizi zilianza 1984 pamoja na Breeders' Cup yenyewe, katika uwanja wa Hollywood Park, California. Princess Rooney aliwaacha wenzake kwa urefu wa farasi saba. Mwanzoni walikimbia maili moja na robo, kama mita 2,000. Tangu 1988 ni takriban mita 1,800. Kuanzia 2008 hadi 2012 ziliitwa Ladies' Classic, kisha jina la awali likarudi, na nililifurahia.

Sasa niseme habari ya Distaff ya 1988, katika uwanja wa Churchill Downs, Kentucky, njia ikiwa tope tupu. Winning Colors, jike wa kijivu aliyekuwa amewashinda madume katika Kentucky Derby mwezi Mei mwaka huo, alitangulia tangu mwanzo. Personal Ensign, ambaye hakuwa ameshindwa hata mara moja, alibaki mbali nyuma, akionekana kutoipenda kabisa ile njia ya tope. Kumbuka huyu aliwahi kuvunjika mguu wa nyuma, ukaungwa kwa skrubu tano. Walipoingia sehemu ya mwisho iliyonyooka, mpanda farasi Randy Romero akazidi kumhimiza, naye akawa anaipunguza ile nafasi hatua kwa hatua. Alimpata Winning Colors mstarini hasa, akamshinda kwa urefu wa pua tu. Akastaafu na ushindi 13 katika mbio 13.

Mwaka 1990, katika uwanja wa Belmont Park, New York, majike Go for Wand na Bayakoa walikuwa wakikimbia bega kwa bega kuelekea mwisho, Go for Wand akavunjika mguu na hakuweza kuokolewa. Bayakoa alishinda kwa mwaka wa pili mfululizo, lakini wengi wanaikumbuka siku ile kwa msiba huo, na ni haki yao.

Kwa sisi watu wa nasaba, hadithi ya Personal Ensign haikuishia mstarini. Binti yake My Flag alishinda Juvenile Fillies, mbio za Breeders' Cup za majike wa miaka miwili, mwaka 1995, naye pia akitokea nyuma kwenye tope. Storm Flag Flying, binti wa My Flag, akazishinda mbio hizo hizo 2002. Bibi, mama na mjukuu, wote walifundishwa na mtu mmoja, Shug McGaughey.