Mwenye bidhaa kwenye timu ya ajaili ni nani?

Timu ya ajaili hutengeneza programu kwa awamu fupi fupi, na mwenye bidhaa ni mtu mmoja anayeamua timu hiyo ianze na kazi ipi, ipi isubiri na ipi isifanywe kabisa. Jina linapotosha kidogo, maana si lazima awe na hisa wala hakimiliki ya programu. Anachoshika ni mpangilio wa orodha ya kazi, na ndiye anayeulizwa kama kilichotoka kina faida.

Jina hili ni la skramu, utaratibu mmojawapo wa ajaili, wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland. Mwongozo wao wa 2020 unataja nafasi 3 tu: mwenye bidhaa, skramu masta anayesimamia utaratibu, na watengenezaji. Kwa kawaida timu haizidi watu 10, na sprinti, yaani awamu moja ya kazi, haivuki mwezi.

Chukua timu ya Mtwara inayotengeneza programu ya kupokelea korosho kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Meneja anataka ripoti zenye michoro, mhasibu anataka hesabu za malipo. Karani wa mizani anataka kitu kimoja: mtandao ukikatika, aendelee kupima. Ni Agosti, na Oktoba korosho zinaanza kumiminika. Mwenye bidhaa anaweka ya karani juu kabisa, michoro anaisogeza hadi msimu uishe, kisha anakwenda mwenyewe kumweleza meneja sababu.

Kazi ile anaiandika hivi: "Karani aandike jina la mkulima, uzito na daraja bila mtandao, mtandao ukirudi kumbukumbu zipande zenyewe, na gunia moja lisihesabiwe mara mbili." Kipande hicho cha mwisho ndicho chenye uzito. Kikisahaulika, simu inaweza kutuma kumbukumbu zilezile tena, na mkulima wa Newala aliyeleta magunia 5 akasomeka ameleta 10. Kikiandikwa, kinapimika: zima data, pima magunia 3, washa data, hesabu. Namna ya kuiandika programu yenyewe ni juu ya watengenezaji, na kiasi cha kazi watakachobeba kwenye sprinti ni wao wanaokipanga.

Mwenye bidhaa anayefaa huijua kazi ya mizani kwa kuiona, na hupatikana. Sprinti ya wiki 2 ina siku 10 za kazi. Swali likilala siku 3 bila jibu, karibu theluthi imeliwa. Lakini panapoharibika zaidi ni kwenye mamlaka. Kijana wa TEHAMA anapewa cheo, halafu kila uamuzi unasubiri bosi arudi kutoka Dodoma. Au inaundwa kamati ya watu 5, kila mmoja na "ya haraka" yake, na orodha inakosa cha kwanza.

Kabla ya kuanza, ulizeni nani anaweza kukataa ombi leo bila kumpigia mtu simu. Akiwa ni meneja, basi mwenye bidhaa awe meneja. Kijana amsaidie kuandika kazi, ila kuwajibika kubaki kwa meneja.